Namna ya Kumshauri Mzee na Bado Ukakaribishwa Chai

Mzee akikataa ushauri, ukoo mzima huafikiana kwa neno moja: mkaidi. Baba haachi kupanda juu ya bati kuziba tundu, mkaidi. Mama kaambiwa apunguze chumvi, naye anaonja mchuzi kiganjani na kuongeza nyingine, mkaidi. Babu ana miaka 74, jicho moja lina ukungu, na bado anaendesha pikapu usiku kutoka Chalinze. Huyo ndiye mkaidi wa kupigiwa mfano. Vikao vinakaa, simu zinapigwa kutoka Mwanza hadi Muscat, na kila kikao kinavunjika kwa azimio lile lile: tumwambie tena.

Kumwambia tena hakujawahi kumshusha mzee juu ya bati. Mwongozo huu ni kwa watoto, wajukuu, wakwe na majirani waliochoka kuwa na haki huku hawasikilizwi. Jambo lenyewe ni zito, maana ushauri mmoja uliopokelewa kwa wakati huokoa nyonga, figo au kiwanja.

Tuanze kwa kumtendea mzee haki. Lugha yetu inamwandaa kijana kushauriwa tangu akiwa mdogo: asiyesikia la mkuu huvunjika guu, penye wazee haliharibiki neno, kuishi kwingi ni kuona mengi. Mtu anakua na maneno hayo, anayatii, anazeeka, hatimaye anakuwa yeye ndiye huyo mkuu. Hapo hapo watoto wanaanza kumwambia avae viatu gani bafuni. Jando na unyago humfunda mtu mengi, ila hakuna kungwi wala ngariba aliyewahi kumfunda mtu namna ya kushauriwa na wale aliowabeba mgongoni.

Tena kupuuza ushauri si ugonjwa wa uzee. Mwaka 2000 wanasaikolojia Ilan Yaniv na Eli Kleinberger walichapisha majaribio ambamo watu walitoa jibu lao, wakapewa jibu la mtu mwingine, kisha wakaruhusiwa kubadili. Walisogea kidogo tu kuelekea kwa mshauri na kubaki karibu na pale walipoanzia. Maelezo yao ni mepesi: sababu zangu ninazo kichwani na ninaziona zote, za kwako siioni hata moja. Kila mwenye rai yake yuko hivyo. Mzee amewazidi wengine kwa wingi wa sababu alizonazo kichwani.

Vifaa vinavyohitajika: birika la chai, mjukuu mmoja anayependwa, karatasi yenye maandishi makubwa, na subira ya msimu mzima. Visivyohitajika: kaka zako wote kwa pamoja, na simu iliyowekwa spika ili shangazi wa Tanga naye achangie.

Hatua ya kwanza: Omba ushauri kabla ya kuutoa

Aliyezoea kutoa hageuki mpokeaji kwa siku moja, kwa hiyo anza wewe kupokea. Unataka mama auze ng'ombe wawili kwa sababu miguu haimruhusu tena kuwafuata malishoni? Muulize kwanza miaka ya ukame aliamuaje nani auzwe na nani abaki, na mnunuzi mwongo alimtambuaje. Sikiliza mpaka mwisho. Simu iache mfukoni.

Usilifanye hili kwa kumbembeleza, maana utashtukiwa. Lifanye kwa kuwa majibu yana thamani. Tangu miaka ya 1940 mwanasaikolojia Raymond Cattell alitenganisha aina mbili za akili: ile ya kukabili jambo jipya kwa haraka, ambayo huanza kufifia mapema, na ile ya maarifa yaliyokusanywa, ambayo hudumu muda mrefu zaidi. Mzee anaweza kuchelewa kuelewa menyu ya simu mpya, lakini ndiye anayejua maji ya bonde la Msimbazi yalifika wapi kabla hujazaliwa, na kwa nini kiwanja unachotamani kiliachwa wazi miaka yote hiyo. Ukiuliza vizuri, mara nyingine utagundua kwamba ushauri uliokuja nao ulikuwa na tundu, na ukaondoka ukiwa umeshauriwa wewe.

Hatua ya pili: Hakikisha umesikika

Wako wazee wanaoitwa wakaidi ambao shida yao ni masikio. Usikivu wa uzeeni hupungua kuanzia sauti nyembamba, zile zinazobeba herufi kama s, f na t. Mzee anasikia kwamba unaongea, ila maneno yanamfikia yakiwa yamemeguka. Kwa kuwa ana heshima zake, anaitikia "ehee" na kutikisa kichwa. Wewe unaondoka ukijua mmekubaliana. Yeye anabaki akijiuliza ulikuja kutaka nini. Ukipaza sauti unaharibu zaidi, kwa sababu kelele haizirudishi herufi zilizopotea, na mtu anayefokewa nyumbani kwake hujifunga.

Zima televisheni. Kaa mbele yake, mahali penye mwanga, aone midomo yako. Ongea polepole kwa sauti nzito. Nenda asubuhi, kwa kuwa wazee wengi huwa makini zaidi saa tatu asubuhi kuliko saa mbili usiku, muda ambao watoto wa mjini ndio kwanza wanatoka kazini wakiwa na hamu ya kushauri. Shauri jambo moja kwa safari moja. Ukimwaga presha, wosia, paa na dada wa kazi kwa pamoja, atakachokumbuka ni kwamba ulikuja kugomba.

Kama ni maelekezo ya dawa, mwombe akueleze wewe: "Mama, dada akinipigia kuuliza hivi vidonge unakunywaje, nimwambieje?" Ile bahasha iliyoandikwa 1x3 kwa mwandiko wa haraka inaeleweka kwa mfamasia: kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Kwa mtu wa miaka 76 asiye na miwani, inaweza kuwa kidonge kimoja kwa siku tatu. Ukimsikia akieleza mwenyewe ndipo utakapojua alichokielewa.

Hatua ya tatu: Leta chaguo, hukumu iache nyumbani

Mwaka 1976 Ellen Langer na Judith Rodin walichapisha utafiti uliofanywa katika nyumba ya kutunzia wazee huko Connecticut, Marekani. Wazee wa ghorofa moja waliambiwa kwamba kupanga chumba ni juu yao, kuchagua siku ya sinema ni juu yao, na kila mmoja akapewa mmea autunze mwenyewe. Wa ghorofa nyingine walipata chumba kizuri, sinema na mmea vile vile, isipokuwa wafanyakazi ndio walioamua na ndio waliomwagilia. Wiki 3 baadaye wale wa kwanza walikuwa na furaha zaidi na wachangamfu zaidi. Walichowazidi wenzao ni kuamua.

Kwa hiyo usiseme, "Baba, ni marufuku kupanda juu ya bati." Sema: "Baba, nimeongea na fundi. Anayejua linavujia wapi ni wewe. Aje Jumamosi umsimamie, au Jumapili ukiwa umepumzika?" Siku zote mbili zinamwacha baba chini, mkono ukiwa kiunoni, akimwelekeza kijana juu ya ngazi. Na mwambie sababu waziwazi: tunaogopa utaanguka, na kwa umri huu nyonga ikivunjika haiungi upesi. Chaguo unalompa liwe la kweli. Akichagua Jumapili, fundi asije Jumamosi.

Bafuni ni hivyo hivyo, na hapo ndipo pa kuweka nguvu, maana vigae vyenye sabuni huangusha hata vijana. Ukitaka kufunga chuma cha kushikilia ukutani, usikifunge mama akiwa msibani, akarudi kukuta nyumba yake imegeuzwa wodi. Simama naye mlangoni, mwambie aingie kama anavyoingia kila siku, umtazame mkono wake unatafuta nini. Pale mkono ulipogusa ukuta, weka alama ya penseli, na chuma kifungwe hapo hapo. Kwa kuwa ameamua yeye kikae wapi, atakishika.

Hatua ya nne: Tuma mjumbe anayefaa

Sisi ndio tuliotunga kazi ya mshenga. Tunajua kabisa kwamba neno zito hubadilika uzito kwa kubadilisha mdomo unaolisema. Ajabu ni kwamba kwenye posa tunamtafuta mshenga wiki nzima, halafu kwenye presha ya baba tunamtuma mtoto wa mwisho ambaye hadi leo anadaiwa na baba yake.

Mjumbe wa kwanza ni mjukuu. Kwa makabila yetu mengi, babu au bibi na mjukuu ni watani, na utani unaruhusu kusema yale ambayo mtoto akiyasema inakuwa utovu wa adabu. Mazungumzo huenda hivi:

"Shikamoo, mke wangu."

"Marahaba, mume usiyejua hata bei ya kanga."

"Nasikia unakwenda kuchota maji kisimani usiku."

"Nani kakuambia? Mama yako?"

"Watu wanaongea. Sasa ukiteleza ukavunjika, mimi nitaoa nani tena?"

Bibi anacheka mpaka anajifuta machozi. Kesho yake ndoo inachotwa saa kumi jioni, na hakuna aliyemshinda mwenzake.

Mjumbe wa pili ni rika. Pale barazani pana bao, mashimo 32 na kete 64, na kijana anayejitia kumwelekeza mchezaji aanzie shimo lipi hufokewa na wachezaji wote wawili. Mchezo ukiisha, wakati kahawa inazunguka, ndipo wazee wanaposhauriana hasa. Mmoja anasema, "Na mimi nilikataa kupasuliwa jicho miaka miwili, nikasema watanitia upofu. Sasa naziona mpaka kete unazonificha." Sentensi hiyo imefanya kazi ambayo watoto watano wenye shahada hawakuiweza. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mfupi, na mwenye habari zake za kuaminika ni yule aliyelala mezani akaamka anaona. Mtafute mtu huyo, umlipie nauli, umlete kusalimia.

Mjumbe wa tatu ni mtaalamu, na ikiwezekana mzee amlipe kwa mkono wake. Mwaka 2008 mtafiti Francesca Gino aliripoti kwamba watu huufuata zaidi ushauri walioulipia kuliko ule wa bure, hata kama ubora ni ule ule. Wako ni wa bure na unapatikana saa yoyote, ndiyo maana hauna bei. Mpeleke kwa daktari au kwa wakili, kaa pembeni, ujumbe utoke kinywani mwa mtaalamu. Kisha ujizuie kusema, "Si nilikuambia!"

Hatua ya tano: Mpe ushauri aliyeshika mwiko

Ushauri mwingi hupotea kwa kupelekwa kwa mtu asiye na uwezo wa kuutekeleza. Baba anaambiwa kliniki apunguze chumvi. Baba huyo hajawahi kuingia jikoni tangu aoe. Kuambiwa kwake kuna faida gani? Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asivuke gramu 5 za chumvi kwa siku, karibu sawa na kijiko kimoja cha chai, tukihesabu ile iliyomo kwenye mkate, samaki wakavu na vile vijiwe vya kuungia mchuzi. Anayeweza kulipima hilo ni mpishi. Basi kaa na mpishi, mzungumze ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili manga, na mpunguze chumvi kidogo kidogo kwa wiki kadhaa hadi ulimi uzoee.

Halafu kuna vidonge. Presha kwa kawaida haiumi, na hapo ndipo inapotuponza. Mzee anakunywa dawa mwezi mmoja, anajiona mzima, anaacha, kwa kuwa maisha yake yote dawa ilikuwa kitu cha kuondoa maumivu. Usimhubirie. Mnunulieni kipimo cha mkononi na daftari, aandike mwenyewe kila asubuhi. Juma hili kasoma 158 kwa 96. Amekunywa dawa wiki tatu, anasoma 136 kwa 84. Akiacha, namba inapanda mbele ya macho yake. Kwa watu wengi mstari wa hatari unaanzia 140 kwa 90, na mstari huo uchoreni kwa wino mwekundu juu ya ukurasa. Sasa sababu ziko mikononi mwake, kwa mwandiko wake, na anaweza kuziamini kama anavyoamini rai yake mwenyewe.

Hatua ya sita: Mwogope mshauri mtamu

Mpaka hapa tumehangaika na mzee anayekataa. Hatari kubwa zaidi ni siku anayokubali.

Mwaka 2009 wachumi Sumit Agarwal, John Driscoll, Xavier Gabaix na David Laibson walichapisha uchambuzi wa makosa ya kifedha ya Wamarekani wa umri mbalimbali: riba walizokubali, ada walizolipa bila sababu. Makosa yalikuwa machache zaidi kwenye umri wa miaka 53 hivi. Kijana hukosea kwa kutojua, mzee hukosea kwa kupungua kasi, na hapo katikati ujuzi na kasi hukutana. Weka hilo kando ya kalenda yetu. Mtumishi wa umma hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60, Tanzania na Kenya vile vile. Maana yake kiinua mgongo, pesa kubwa kuliko zote alizowahi kushika kwa mara moja, humfikia mtu wakati kilele hicho kimeshampita.

Mwaka 2012 Elizabeth Castle, Shelley Taylor na wenzao wa Los Angeles waliwaonyesha watu picha za nyuso. Nyuso ambazo vijana waliziona hazifai kuaminiwa, wazee waliziona zinaaminika zaidi, na sehemu ya ubongo inayohusika na hisia ya tahadhari iliitikia kwa udhaifu zaidi kwa wazee. Naye Laura Carstensen wa Stanford ameeleza kwa miaka mingi kwamba mtu akiona muda uliobaki ni mfupi, huanza kuthamini zaidi utulivu wa moyo na ukaribu wa watu, na jicho lake huelekea kwenye mema.

Yaweke hayo pamoja umtazame tapeli anavyofanya kazi. Anaingia uani kwa shikamoo ndefu. Anauliza habari za ujana, za kiwanda cha sukari cha Mtibwa, za bandarini, za vita vya Kagera. Anasikiliza mpaka mwisho. Anasema, "Mzee wangu, uamuzi ni wako, mimi sina haraka." Anarudi Alhamisi na mkate. Tapeli huyo amefuata hatua ya kwanza, ya pili na ya tatu za mwongozo huu bila kukosea hata moja, wakati mtoto wa damu alikuja mara ya mwisho Idi iliyopita na akatumia saa nzima kukosoa choo. Mzee akimpa mgeni huyo milioni 6 za kununulia hisa hewa, tutasema uzee umemharibu akili. Ukweli ni kwamba alikuwa na njaa ya kusikilizwa, na aliyefika kwanza ndiye aliyemshibisha.

Tumeona mambo haya kwa ukubwa wa taifa. Katika mchezo wa upatu wa DECI watu "walipanda mbegu" wakiahidiwa mavuno maradufu, na wengi waliingizwa na watu waliowaamini. Mwaka 2009 serikali ya Tanzania iliposimamisha mchezo ule, akiba za watu wengi zilikuwa zimeshakwenda. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile alitoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500 katika kijiji cha Samunge, Loliondo, na foleni ya magari ikaenda kilomita nyingi. Wapo waliofika wakiwa wameacha dozi zao za hospitali. Wazee na vijana walisafiri pamoja, wengi wao kwa sababu jirani aliyeaminika alisema, "Twende." Na kila siku bado zinaingia jumbe za "ile hela tuma kwenye namba hii", na simu za mtu anayelia kwamba mwanao ameanguka shuleni, zinatakiwa pesa za daktari sasa hivi.

Kubalianeni mapema, siku ya amani, chai ikiwa mezani, juu ya kanuni tatu. Pesa kubwa haitoki siku ile ile ilipoombwa, hata aombaye awe askofu. Namba ya siri haitajwi kwa yeyote, awe mtoto au mtu wa kampuni ya simu. Na kabla ya kutuma, mtu mmoja aliyechaguliwa na mzee mwenyewe anapigiwa kwanza. Kiinua mgongo kikae benki miezi sita bila kuguswa, isipokuwa kwa chakula, matibabu na madeni. Biashara nzuri itakuwepo mwezi wa saba. Inayokufa kwa kusubiri ilikuwa inasubiri kukuua wewe.

Hatua ya saba: Kusanya rai moja moja

Mwaka 1906, kwenye maonyesho ya mifugo huko Plymouth, Uingereza, watu walinunua tiketi na kukisia uzito wa ng'ombe baada ya kuchinjwa na kusafishwa. Francis Galton alizikusanya tiketi 787 zilizosomeka. Kisio la katikati lilikuwa ratili 1,207. Uzito wenyewe ulikuwa ratili 1,198. Mkusanyiko wa watu wa kawaida ulikaribia ukweli kuliko ambavyo wengi wao wangeukaribia mmoja mmoja. Ilifaulu kwa sababu kila mmoja aliandika lake bila kumsikia mwenzake.

Kikao cha ukoo hufanya kinyume. Kaka mkubwa anafungua kwa kusema nyumba iuzwe, na baada yake kila msemaji anaanza na "Naungana na kaka." Mzee anadhani amesikia rai sita, kumbe ni moja iliyorudiwa mara sita. Hapa naongea na wewe mzee mwenyewe unayesoma: usikubali. Mwite kila mtu peke yake, umuulize, uandike. Paa ni hivyo hivyo: mafundi watatu, siku tatu, kila mmoja ataje idadi ya bati na bei bila kujua mwenzake alisema nini. Wawili wakikaribiana na wa tatu akiruka mbali, umeshajua pa kuuliza zaidi.

Na mshauri wa biashara apewe mtihani mdogo. Akikuambia ufuge kuku wa mayai, muulize wanaanza kutaga wiki ya ngapi, mpaka wiki hiyo chakula ananunua nani, na chanjo ya kideri inarudiwa lini. Aliyewahi kufuga atajibu papo hapo kwamba kutaga huanza kwenye wiki ya 18 hadi 20, na atashusha pumzi akikumbuka bei ya mifuko ya chakula kabla ya hapo. Anayejibu kwa kukuonyesha picha za mabanda kwenye simu anauza vifaranga. Kisha mtafute aliyefuga akaacha. Huyo hana cha kukuuzia, na darasa lake limeshalipiwa.

Hatua ya nane: Jua kushindwa kwa heshima

Utayafanya yote haya na mzee atasema hapana. Mara nyingi hiyo hapana iheshimiwe. Mama anayejua kuwa hospitali iko mbali, anayejua moyo wake una shida, na bado akachagua kubaki kwenye migomba yake Rombo badala ya chumba cha ndani kwako Tabata, ameupima ushauri wako na ameamua. Uamuzi mgumu wa mtu mwenye akili timamu juu ya maisha yake ni haki yake. Kazi yako sasa ni kuyafanya maisha aliyoyachagua yawe salama kidogo: jirani mwenye namba yako, taa ya sola njiani kwenda chooni, mtu wa kupita kila asubuhi kumjulia hali.

Yako mambo mawili yasiyovumilika. La kwanza ni hatari kwa wengine. Babu asiyeona vizuri usiku ana haki ya kuchezea maisha yake, lakini mwendesha baiskeli atakayekutana naye Mlandizi hakuombwa ridhaa. Hapo sema wazi, awe mjumbe yeyote, na funguo za usiku zitafutiwe dereva. La pili ni akili yenyewe inapoanza kumponyoka. Mtu anayepotea njia aliyoipita miaka 30, anayeuliza swali lile lile mara tano kwa saa moja, anayeficha pesa na kuwashuku wote kwa wizi, huyo hana ukaidi wala hajarogwa. Ni mgonjwa anayehitaji daktari, na kila siku ya kumgombeza ni siku aliyonyimwa msaada.

Hatua ya tisa: Jiandae na zamu yako

Hatua hii ni ya kila aliyefika mpaka hapa akiwa na miaka 35, 40 au 53. Kushauriwa ni zoezi, nalo huanza misuli ikiwa bado ina nguvu. Kila mwezi chukua ushauri mmoja wa mtu aliye mdogo kwako, kwenye jambo dogo: njia ya kupita asubuhi, namna ya kupanga akiba, dawa ya kupulizia nyanya. Ufuate mpaka mwisho, kisha umshukuru mbele za watu. Wanao wanatazama. Mtoto aliyeona baba yake akishauriwa bila kununa atajua mlango uko wapi siku atakapouhitaji.

Kisha teua watu wako watatu: mmoja wa pesa, mmoja wa afya, na mmoja asiyekuogopa. Wachague sasa, kabla hajatokea mgeni mwenye mkate siku ya Alhamisi. Andika majina yao pale unapoweka hati ya kiwanja na kadi ya bima. Huyo wa tatu ndiye wa muhimu kuliko wote, na anahitaji ruhusa yako kwa maneno: "Siku utakayoona siwezi tena kuendesha gari, kutunza pesa au kukaa peke yangu, niambie. Nitakasirika, pengine nitakufukuza. Rudi kesho yake uniambie tena, kwa sababu leo, nikiwa na akili zangu zote, nimekuomba ufanye hivyo." Umeshampata nani? Mpigie kabla jua halijazama, umpe kazi hiyo.